Nani Ajaze Pengo la Bi Mwantumu?

Hapo zamani za juzijuzi, watu walipokuwa wameshaacha kukariri namba za simu lakini hawajaacha kusutana, aliishi mjini Tanga mama mmoja aitwaye Bi Mwantumu. Alimlea Mwanakombo, binti wa kaka yake, tangu mama wa mtoto alipofariki. Alimlea kwa maandazi na matusi, vyote vya moto, na binti akakua vizuri.

Mwanakombo akaolewa. Siku ya harusi Bi Mwantumu alijifunga kanga nyekundu, akacheza, na sisemi alicheza kidogo. Alikata kiuno mpaka wapiga ngoma wakaacha kuongoza, wakawa wanamfuata yeye. Mzee mmoja aliyekuwa akienda msikitini aligeuza uso, ila mwendo akaupunguza. Kisha Bi Mwantumu akamshika mwanawe mkono, akamtoa nje, akamkabidhi kwa mume huku machozi yanamtoka.

Yote hayo yalirekodiwa na Zahoro, mpiga video za harusi. Zahoro alikuwa akihariri video zake kwenye programu aliyotengenezewa na rafiki yake, Shekidele. Programu ilikuwa na zana nyingi, na kila zana ilikuwa na maelezo mafupi ya kazi yake. Baadaye Zahoro akachoka kubonyeza, akaomba atiliwe msaidizi wa akili mnemba: unamwandikia unachotaka, naye anasoma maelezo ya zana, anachagua, anafanya. Shekidele akamtia msaidizi. Maelezo hakuyagusa.

Sasa Mwanakombo akaingiwa na haya. Mama mkwe wake ni mtu wa kuvuta uradi hata akimenya vitunguu. Basi binti akampigia simu Zahoro, akamwomba kiuno cha shangazi kipunguzwe kidogo. Zahoro alikuwa anakula chipsi. Kwa kidole kisicho na mafuta akamwandikia msaidizi, "Mtoe huyo mama wa kanga nyekundu," akaendelea kula.

Zana za kutoa zilikuwa mbili. Moja iliitwa Ondoa: ilitoa kipande kwenye filamu, lakini picha zenyewe zikabaki zimehifadhiwa. Nyingine iliitwa Futa: ilifutilia mbali picha zenyewe, zisirudi tena. Lakini maelezo ya Ondoa yalisema, "Hutoa kipande." Na maelezo ya Futa yalisema, "Hutoa kipande." Msaidizi akasoma, akaona pacha, akachukua Futa. Kila alipokuwepo Bi Mwantumu, pakafutika. Kwenye kadi za kamera nako Zahoro alikuwa amesharekodi juu yake harusi ya watu wengine.

Siku ya kutazama, Bi Mwantumu alialika mtaa mzima. Wakajaa sebuleni kwa mama mkwe. Video ikawashwa: bibi harusi yumo chumbani; mara yumo ndani ya gari, kama mtu aliyetoroshwa. Ngoma hakuna, mkono hakuna, chozi hakuna. Majirani wakaanza kutazamana. Video ilipokwisha, Bi Mwantumu akauliza taratibu, "Kwani mimi sikwenda?"

Mwanakombo alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni.

Wakaitwa wahusika. Mwanakombo akasema, "Shangazi, mimi nilisema upunguzwe. Sikusema ufutwe."

"Kunipunguza huko kulianzia wapi," akauliza shangazi, "miguuni au kiunoni?"

Zahoro akasema, "Mama, mimi nilisema utolewe. Kutoa si kufuta. Hata taka hutolewa zikabaki nje." Kusikia amefananishwa na taka, Bi Mwantumu akamtazama mpaka Zahoro akahama kiti. Wakamuuliza kama aliitazama ile video kabla ya kuileta. Akasema alitazama mwanzo na mwisho.

Shekidele akasema, "Maelezo yale nilimwandikia Zahoro, na Zahoro alizijua zana zote. Msaidizi alikuja baadaye, tena kwa kuombwa na yeye." Hata hivyo alikuwa ameshayaandika upya, akawasomea: Ondoa hutoa kipande kwenye filamu tu, itumike mtu akisema toa au punguza; Futa huangamiza picha moja kwa moja, isitumike mpaka mtu aulizwe na akubali. Yalikuwa mazuri, mtoto wa chekechea angeyaelewa. Mama mkwe akauliza kwa nini hakuyaandika hivyo siku aliyomtia msaidizi. Shekidele akayasoma tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Msaidizi naye akaulizwa. Akaandika kwamba zana mbili zilikuwa na maelezo yaleyale, akachagua moja. Angeweza kuuliza, hakuuliza. Lakini msaidizi hana kiuno, wakamwacha.

Nasema hana kiuno kwa sababu Bi Mwantumu alitoa hukumu hii: "Radhi ya mdomo siitaki. Mmoja wenu atavaa kanga yangu, asimame mbele ya kamera, aicheze ngoma yangu mwanzo mpaka mwisho, tujaze pengo. Mmoja tu. Mkicheza wote itakuwa sherehe, na mimi sijasamehe."

Wapiga ngoma wakaja. Kamera ikawashwa. Mwanakombo akamtazama Zahoro, Zahoro akamtazama Shekidele, Shekidele akatazama mlango, na mlangoni walikuwa wamejaa majirani.

Haya, nyinyi mnaocheka, nijibuni. Aliyeona haya, aliyeagiza ovyo, au aliyeandika ovyo? Je, nani alistahili kufungwa ile kanga?