Mwindaji Aliyekula Windo Lake

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni sauti au kifaranga kanyeshewa? Paukwa tena!

Pakawa!

Afadhali. Shule niliikimbia darasa la nne, lakini hii hata mwalimu wenu haijui.

Hapo kale, ng'ambo ya bahari, katika misitu ya mto Amazoni, waliishi watu wenye mwiko mmoja: mwindaji hali windo lake. Akiua nguruwe, anawapa wenzake. Wenzake wakiua, wanampa yeye.

Iraku alikuwa fundi wa upinde. Chui wa misitu hiyo alitamani kumla. Mara mbili alimvizia jioni, na mara mbili watu wakaja na mienge wakiita, "Iraku! Matumbo yanakungoja!" Chui akakimbia na njaa yake.

Akabadili mbinu. Siku ya kwanza akaita kutoka juu ya mti, "Iraku bwana, jasho lako, nyama yao?" Iraku akacheka, akabeba windo nyumbani.

Siku ya pili, "Paja wamekula wao, wewe umepewa mkia wa tumbili. Fundi gani wewe?" Iraku hakucheka.

Siku ya tatu, "Banika hapa hapa. Nani atakuona?" Iraku akabanika, akala, akalamba vidole. Nyumbani akasema, "Leo nimekosa." Watu wakampa pole, wakampa na samaki.

Kesho yake, nimekosa. Keshokutwa, nimekosa.

Mama yake akamtazama. "Mwanangu, aliyekosa hung'aa midomo hivyo?"

"Jasho hilo, mama."

Majirani wakasikia. Wakazima mienge yao. Tangu hapo hakuna tumbo lililomngoja.

Jioni moja Chui akashuka mtini.

"Jamani, nakufa!" Iraku akapiga kelele.

Kijijini wakasema, "Mwacheni. Labda nyama yake imekosa chumvi."

Mama peke yake akashika mwenge, akakimbia. Akakuta upinde chini, na Chui anajilamba.

"Umemfanyaje mwanangu, wewe?"

"Nimekula windo langu, mama. Sisi chui hatuna mwiko."

Mama akaokota upinde, akarudi. Wale majirani hawakuweza kumtazama usoni.

Basi jueni: ukila peke yako, siku ya kulia utalia peke yako. Na wewe unayenuna ukisikia kilio, usidhani umetoka salama.

Hadithi yangu siili peke yangu, nimewagawia. Anayebisha na ashike mwenge, aende akamuulize Chui.