Bi Thuwaiba Alipoagana Kabla ya Kufika

Kunja uso upendavyo, kisa ni hiki hiki. Mtu akiambiwa kuna kiongozi wa njia aliyevikwa joho la dhahabu akalia kwa uchungu, anacheka, anasema binadamu wa namna hiyo hayupo. Kwa kuwa wewe hukumwona, ndiyo hakuzaliwa? Ulimi wako mrefu kuliko macho yako. Kaa chini usikie.

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Thuwaiba binti Harithi, mjane, mtu wa swala na mtu wa sadaka. Ila sadaka yake ilikuwa na mdomo: akimpa yatima kanzu, mtaa wa saba wanasikia. Uzeeni alijaaliwa kwenda Hija, yeye na wifi yake Bi Raihana, pamoja na kundi la mahujaji. Njia yao ilikata milimani, na milima ile haivukwi bila kiongozi. Wakampata Musaidi, mtu wa huko huko, mkimya, na ndugu zake wa kubeba mizigo.

Ujira wao walilipwa kabla ya kuondoka. Kilichobaki ni cha kuagania, kitu cha hiari anachopewa kiongozi wakati wa kuagana, na watu wa milima ile walikuwa na ada yake. Zamani za babu zao kulikuwa na viongozi waovu: wakifika ukingoni mwa jabali husimama, wakanyosha mkono, na msafiri akatoa kwa khofu. Wazee wakaapisha kizazi chao kwamba cha kuagania hakipokewi ila kwenye nyumba ya mwisho, bondeni. Atakayevikwa au kupewa njiani, safari yake imekoma pale pale, arudi kwao.

Musaidi aliwaeleza hayo siku ya kwanza. Bi Thuwaiba alisikia nusu, akamnong'oneza wifi yake, "Huyu anatukumbusha tusisahau kumpa. Maskini, ana haya ya kuomba."

Basi wakapanda, wakapanda, hata wakafika kileleni. Lo! Huko chini bondeni walionekana ngamia wa msafara mkuu wa Hija, wadogo kama punje za mtama! Msafara ule ungeondoka baada ya Alasiri, na hakukuwa na mwingine mwaka ule. Watu wakapiga takbiri, wakakumbatiana, watu wazima wakalia kama watoto. Bi Thuwaiba moyo ulimruka kama wa bibi harusi. Akafungua furushi lake la nguo, akatoa joho la marehemu mumewe, lenye darizi za dhahabu, likamemeta juani.

"Enyi mahujaji, shuhudieni!"

"Bibi, bado," akasema Musaidi.

"Bado nini, mwanangu? Pokea, usione haya."

"Bado hatujafika, Bibi yangu."

"Mmeuona unyenyekevu huo?" akawageukia watu. Na kabla Musaidi hajarudi nyuma, akamvika mabegani.

Musaidi akasimama kama aliyepigwa kofi. Machozi yakamshuka. Ndugu zake wakatua mizigo.

"Umeniaga, Bibi," akasema. "Mungu awafikishe salama."

Hapo ndipo wote walipoikumbuka ile ada, na zogo likazuka. Wingu lilikuwa linapanda kutoka mabondeni, na njia ya kushukia ilikuwa uzi baina ya majabali mawili.

"Si ulivue tu!" mmoja akapiga kelele.

"Nikilivua mimi nimeukataa mkono wa mgeni, na kwetu mkono wa mgeni haukataliwi. Alitake tena yeye mwenyewe."

Bi Thuwaiba akalitazama joho. Kukitaka tena kitu alichokwisha kukitoa! Yeye aliyekuwa akiwafunza wanawake wa mtaani kwake kwamba kurudia hiba ni uchafu. Na asipolitaka, Hija imempita, na umri wake haukuwa wa kungoja mwaka mwingine.

Bi Raihana akamsogelea sikioni. "Sema ulimwazima kwa baridi. Nani atajua?"

"Mungu."

"Mungu ana rehema, wifi. Msafara hauna."

Maneno matamu hayo. Bi Thuwaiba akayaonja. Akaanza, "Mimi, Musaidi, hilo joho nili..." Ulimi ukagoma. Akawatazama wale watu, kila mmoja amemkodolea macho, macho yale yale aliyokuwa akiyatafuta umri wake wote. Akayaona yalivyo mazito.

"Musaidi," akasema kwa sauti, "joho hilo sikukupa wewe. Niliwapa hawa, watazame. Nilitaka wakifika Makka waseme Thuwaiba ana mkono mkubwa. Tungekuwa wawili hapa, ningekupa ahsante na kokwa za tende. Hiba haikutoka moyoni mwangu, basi hakuna hiba ya kurudi. Nipe nguo yangu."

Mtu mmoja akasema, "Subhanallah, anamvua mtu hadharani!" Wengine wakacheka, na kile kicheko kilimchoma kuliko upepo wa kileleni. Lakini uso wa Musaidi ulifunguka kama dirisha, akalivua joho akamrudishia.

"Basi hujaniaga!"

"Sijakuaga. Na ukizidi kusimama hapo sitakuaga mpaka Kiyama!"

"Shikeni mizigo!"

Wakashuka! Wakashuka wingu linawalamba visigino, huyu kamshika yule shuka, mawe yanaporomoka, Bi Raihana anasoma kila dua aijuayo na nyingine anazitunga. Wakatokeza bondeni ngamia wanainuliwa, wakauwahi msafara.

Jueni, enyi waja, aibu ya mchana mmoja ilimwokoa bibi yule na riya ya miaka, kutoa ili aonekane. Wako waliokwenda kaburini na sadaka kama mchanga, na huko hawakukuta hata chembe, kwa kuwa walikwisha kulipwa hapa kwa vigelegele.

Nyumba ya mwisho, pale pale penye ngamia, ilikuwa ya dada yake Musaidi. Mahujaji wakajazana uani kutazama safari hii atatoa nini. Bi Thuwaiba akaingia ndani na Musaidi na dada yake tu.

"Kama nimekuudhi njiani, nisamehe," akasema.

"Nimesamehe, Bibi. Na mimi je?"

"Ulinikanyaga kidole pale jabalini."

"Lo! Hilo nalo?"

"Nalo nimesamehe."

Dada mtu akaangua kicheko. Kisha mkono wa Bi Thuwaiba ukaingia ndani ya shuka, ukatoka, na Musaidi akaupokea kwa mikono miwili.

Bi Raihana alikuwa kizingitini, amerefusha shingo. "Wifi, umempa nini?"

Bi Thuwaiba akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, akaufunga.