Uyoga Ulionuka Mzoga

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana hadithi hii haipendi kukatwa.

Hapo kale walikuwapo ndugu wawili, Nyamvula na mdogo wake Mbodze. Mama yao aliwafundisha hivi: uyoga usioujua usiuguse kwa mkono, uchokoe kwa kijiti, kisha uulize wakubwa. Mbodze alisikia. Lakini kusikia na kushika ni mambo mawili, nanyi mnajijua.

Basi siku moja, mvua ilipoanuka, wakaenda msituni kuchuma uyoga.

Chini ya majani Mbodze akaona kitu kama yai lililopasuka. Ndani yake kimechomoza kidole chekundu chenye ute mweusi kichwani, nzi wamekijaa. Kilinuka mzoga.

"Dada! Njoo uone!"

"Usiguse!"

Amekwisha gusa. Mkono ukanasa. Sauti ikatoka ardhini:

"Aliyenishika, nami nimemshika."

Mkono ukazama hadi kifundoni. Nyamvula akamvuta mdogo wake.

"Aliyenishika, nami nimemshika."

Ukazama hadi kiwikoni. Nyamvula akavuta, akavuta, akavuta.

"Aliyenishika, nami nimemshika."

Ukazama hadi begani. Shavu la Mbodze likalala matopeni. "Dada, usiniache!"

Nyamvula akajua huo si uyoga, ni zimwi. Aliogopa mno. Akaacha kuvuta, akatazama huku na huku. Kando, mahali peupe, akaona uyoga mwingine wa namna ile uliopigwa na jua. Ulikuwa umelala, umenyauka.

"Ee Zimwi, unataka nini?"

"Kuliwa! Anilaye nakaa tumboni mwake, namla kwa ndani."

"Mbona unajipunja? Huyu ni mtoto, tumbo lake dogo. Kwetu uyoga hauliwi na mtu mmoja. Huanikwa juani, ukapikwa, ikala nyumba nzima."

"Nyumba nzima?"

"Nyumba nzima."

"Na majirani?"

"Majirani hupelekewa bakuli."

Lo! Zimwi likameza mate. Likatoa kichwa, likatoa kifua, likatoa miguu, likajilaza mahali peupe, refu kama mgomba. Lakini mkono wa Mbodze halikuuachia.

Mara wingu likafunika jua.

"Mbona baridi?" Zimwi likauliza. "Wanidanganya?" Likafumbua kinywa juu ya kichwa cha Mbodze.

Nyamvula akapaza sauti. "Subiri, bwana," akasema. "Mstahimilivu hula mbivu."

Kinywa kikashuka. Mbodze akafumba macho.

Basi wingu likapita, jua likawaka. Zimwi likataka kuuma, taya likalegea. Likataka kusimama, magoti yakalegea. Likalegea lote, likawa ute juu ya nyasi. Tamaa mbele, mauti nyuma!

Nyumbani Mbodze alinawa kwa majivu, akanawa kwa ndimu, akanawa tena. Mkono bado ulinuka mzoga. Chakula kilipotengwa akauficha mgongoni, akalia kwa aibu.

Mama hakumgombeza. Alimega tonge, akachovya mchuzi, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe. Akamlisha hivyo kila siku mpaka harufu ikaisha.

Hadithi yangu imekomea hapo. Usichokijua usikishike. Na mwenzio akishika, mwokoe kwanza, maneno baadaye.