Filamu ya Pango Lenye Meno

Wewe uliyekaa hapo mbele, ile filamu unayoisifu kila siku, uliitazama mpaka mwisho au ulisimuliwa?

Usijibu. Uso umeshajibu.

Hadithi inabisha hodi.

— Ifungulieni mlango.

Imetoka mbali, ina vumbi.

— Ipeni maji, ikae.

Basi imekaa, na inasema hivi.

Palikuwa na Pimbi. Mnamjua Pimbi, yule mnyama wa mawe, mdogo kama paka aliyenyimwa mkia, miguu mifupi, macho ya kuuliza. Pimbi huyu alikuwa na kompyuta. Hakuinunua, aliiunda. Kioo alikitoa huku, kibodi kule, betri akaiokota alikojua mwenyewe. Feni yake ikizunguka ililia vuuu-kra, vuuu-kra, kama mtu anayekoroma amekaa. Bawaba ilikuwa imekatika, kwa hiyo usipoegemeza kioo kwenye jiwe kililala chali kikatazama mawingu. Ilimchukua misimu mitatu ya mvua kuiunda, na vipuri vya kuunda nyingine havikuwepo bonde zima. Hiyo ndiyo mali aliyokuwa nayo Pimbi, na ndiyo kazi yake, na ndiyo starehe yake.

Pimbi alikuwa na maoni juu ya kila kitu kinachowaka.

"Simu ina kamera nne, na wewe una macho mawili. Hizo mbili nyingine ni za nani? Nauliza tu."

"Mchezo unaokuuzia panga kabla hujaanza kupigana, huo ni mchezo au ni duka? Nauliza tu."

"Tamthilia ikifika msimu wa sita, mwandishi ameshachoka zamani. Mbona hakuna anayemwambia aende nyumbani? Nauliza tu."

Chini kwenye bwawa alikaa Kiboko. Kiboko alikuwa na kibanda cha kuonyeshea filamu, cha mabati na magunia, na ndani yake runinga pana kama mlango wa zizi. Alikuwa na spika mbili zilizotikisa ukuta. Kitu kimoja hakuwa nacho, nacho ni cha kuiambia ile runinga ionyeshe nini. Lakini ukimuuliza lolote alikuwa na jibu lake.

"Mzee Kiboko, picha inaingiaje humo ndani?"

"Najua."

"Inaingiaje?"

"Najua, nimesema."

Siku moja Pimbi akajiuliza: hivi mimi nikiondoka, kompyuta yangu huwa inaona nini? Swali hilo lilimkaa kichwani mpaka likamnyima raha. Akawasha kamera irekodi, akailaza juu ya jiwe, akaenda zake kula majani.

Tindi, tindi, tindi. Kiboko huyo. Akatazama kushoto, hakuna mtu. Akatazama kulia, hakuna mtu. Kiboko hana mikono. Akafungua mdomo, haaa, akaidaka kompyuta na kuilaza ndani, polepole, mdomo akauacha wazi nusu asije akaivunja. Akaondoka, tindi, tindi, tindi. Alipofika karibu na bwawa betri ikaisha. Ti. Kimya.

Pimbi aliporudi akakuta jiwe.

Hakuhitaji kutafuta sana. Kesho yake vuuu-kra, vuuu-kra ikasikika kutoka kwenye kibanda cha Kiboko, na wanyama wamepanga foleni, kila mmoja na tita lake la nyasi la kiingilio.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Kompyuta hiyo ni yangu."

"Hii? Kaniletea mjomba wangu wa ziwani."

"Nauliza tu, mjomba wako anajua kwamba feni yake inakoroma?"

"Najua," Kiboko akasema. "Ni toleo jipya."

Pimbi akaenda kwa Bi Korongo, mjumbe wa bonde. Bi Korongo alisimama kwa mguu mmoja akamsikiliza mpaka mwisho.

"Una shahidi, mwanangu?"

"Sina, mjumbe."

"Kuna aliyeona?"

"Hakuna."

"Basi mimi siwezi kwenda kuchomoa kitu kwenye nyumba ya mtu kwa sababu kinakoroma. Niletee mtu aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba aliiona ikichukuliwa. Au kwamba aliichukua yeye. Siku hiyohiyo utarudi nayo kwako."

"Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake."

"Ahsante, mjumbe. Nilikuwa nauliza tu."

Njiani Pimbi akakumbuka ile kamera. Ilikuwa inarekodi. Basi kilichomchukulia kompyuta kimo humo ndani ya kompyuta. Lakini kimo vipi? Kinaonekana uso? Kinaonekana mguu? Hapo, niwaambie ukweli, hata hasira ilipungua. Alichokitaka zaidi ni kuona.

Huku kwa Kiboko mambo yalikuwa yanaenda vibaya. Alijua kubonyeza faili moja tu, filamu ya mtu anayeruka maghorofa. Aliionyesha Jumatatu. Aliionyesha Jumanne. Siku ya tano Ngiri alikuwa anatangulia kusema maneno kabla ya wahusika, na nyasi za kiingilio zikaanza kupungua. Pimbi akachungulia dirishani.

"Mzee, nauliza tu. Ile filamu mpya utatuonyesha lini?"

"Ipi?"

"Ile iliyomo humo. Faili la mwisho, chini kabisa. Au hujaiona?"

Kiboko akatikisa masikio.

"Najua. Nimeiona mara tatu. Nilikuwa naitunza."

"Nilijua tu. Na utaitafsiri mwenyewe?"

Hapa inabidi nieleze kwa wageni. Katika vibanda vyetu filamu haiachwi izungumze peke yake. Hukaa mtu pembeni ya kioo na kipaza sauti, anawaambia watu nani ni steringi, yaani mhusika mkuu, nani anamdanganya nani, na nani atakufa. Mtu huyo lazima awe ameiona kabla, la sivyo ataaibika.

"Nitaitafsiri mwenyewe," Kiboko akasema. "Kwani kuna mwingine anayeijua?"

Ikatangazwa bonde zima. Saa tisa alasiri kibanda kikajaa. Ngiri na wanawe, Mamba mstari wa mbele kabisa, Bi Korongo mlangoni kwa mguu mmoja. Ulikuwa msimu wa matikiti maji na kila mtu alikuja na lake la kutafuna. Pimbi akakaa juu ya spika.

Vuuu-kra. Filamu ikaanza.

Mawingu. Mawingu tu. Yanapita taratibu.

Kiboko akakohoa kwenye kipaza sauti. "Hii ni nchi ya mbali. Nchi ya baridi. Hayo ni mawingu ya huko."

"Mzee, nauliza tu," Pimbi akasema. "Steringi yuko wapi?"

"Najua. Anakuja."

Tindi, tindi, tindi, spika zikalia.

"Huyo siyo steringi," Kiboko akasema. "Huyo ni adui. Sikilizeni anavyotembea kijinga."

Haaa. Kioo kikawa cheusi, halafu chekundu. Likatokea pango. Juu mawe meupe yamejipanga, chini mawe meupe yamejipanga, na kuta zake zinatoa majimaji. Hata watoto wa Ngiri wakaacha kutafuna.

"Pango gani hili?" Ngiri akauliza. "Mbona linapumua?"

"Najua," Kiboko akasema. "Ni upepo."

"Na sakafu mbona laini?"

"Zulia. Ni pango la matajiri."

"Zulia linalamba, mzee."

"Huko ndivyo yalivyo."

Wote wakasogea mbele. Ngano nyingi nimezisimulia, lakini sijapata kuwaona wanyama wametoa macho namna hiyo. Pango likayumba, tindi, tindi. Likapumua, hoooh. Upande wa kushoto, nyuma kabisa, pakaonekana jiwe lililovunjika nusu, na kwenye ufa wake limenasa jani la yungiyungi.

Ulimi wa Kiboko ukasogea wenyewe upande wa kushoto, nyuma kabisa. Ukakuta gego lililovunjika nusu. Ukakuta na jani.

Mtafsiri akafunga mdomo.

Pimbi, juu ya spika, akaliona shavu la Kiboko limetuna kwa ndani. Akatazama kioo. Akatazama shavu. Aaa, akasema moyoni, kumbe hivi ndivyo ilivyoonekana. Sasa alijua, lakini alichokijua yeye hakikuwa na kazi kwa Bi Korongo. Akimwambia Kiboko mwizi ni wewe, Kiboko atasema najua mwizi ni nani, ni mwingine.

Ti. Filamu ikaisha.

"Wenzangu," Pimbi akasema, "mimi natazama filamu tangu nijue kufumbua macho. Nyingi ni makelele, mlipuko hapa na mlipuko pale, ukitoka hukumbuki hata jina. Lakini hii sijapata kuona. Na lile si pango. Kile ni kinywa."

"Kinywa?" wakasema wote.

"Kinywa cha mtu wa hapahapa bondeni. Ndiye steringi. Tazameni upana wake, mpangilio wa meno, na namna anavyopumua bila haraka. Huyo ni msanii."

"Ni nani?" Ngiri akauliza.

"Nani ana kinywa kikubwa kuliko wote hapa? Si huyu hapa, Mamba?"

Watu wakageuka. Mamba, ambaye maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsifia chochote, akainamisha kichwa kwa haya.

"Mimi siku ile sikumbuki vizuri," akasema. "Ila huwa naambiwa nina kinywa."

"Mnyenyekevu pia," Pimbi akasema. "Sasa jamani, msanii hatuzwi? Huko kwenu mtu akicheza vizuri mnamtazama tu?"

Loo, kutuza watu wanakujua. Ngiri akaviringisha tikiti lake mpaka miguuni kwa Mamba, gudu. Wanawe nao, gudu, gudu, gudu. Swala akaleta, nyani akaleta, hata waliokuwa wameshaanza kula wakaleta nusu. Mara lundo likafika kidevuni kwa Mamba.

Kiboko akalitazama lundo lile. Akameza mate. Gudu. Akameza tena.

"Ngojeni," akasema.

"Kuna nini, mzee?"

"Meno ya Mamba ni membamba. Kila mtu anajua. Yale kwenye filamu ni mapana."

"Picha hudanganya kidogo," Pimbi akasema. "Ngiri, ongeza na lile kubwa."

"Mamba hana zulia namna ile," Kiboko akasema, sauti imeanza kupanda. "Mamba ulimi wake umeshikana na chini, hauwezi hata kuutoa. Ulimi ule ni wa mtu."

"Wa mtu gani? Nauliza tu."

"Mamba hana gego lililovunjika."

"Wewe umejuaje kwamba lile ni gego, mzee? Ulituambia ni mawe."

Kiboko akatazama mlangoni, Bi Korongo yupo. Akatazama lundo, likaongezeka moja, gudu. Akakiacha kipaza sauti, akafungua mdomo, haaa, kibanda kizima kikaona mawe meupe juu, mawe meupe chini, na kushoto nyuma kabisa lile jani.

"Ni langu," akasema. "Pango ni langu. Steringi ni mimi."

"Na kompyuta iliingiaje kinywani mwako?" Bi Korongo akauliza, akateremsha ule mguu wa pili. "Sema polepole, wa nyuma wasikie."

Pimbi alikuwa ameshashuka kwenye spika, anachomoa waya.

"Niliichukua mimi," Kiboko akasema. "Juu ya jiwe la Pimbi, mchana, hakuna aliyeniona, nikaibeba kwa kinywa changu mwenyewe mpaka hapa. Haya, leteni matikiti."

Hadithi imeinuka, inatafuta viatu.

— Isindikizeni mpaka njia panda.

Na funzo, kwa wale wanaodai funzo kama chenji: ukiwa na kipaji usikifiche, na kabla ya kubeba cha mwenzio, piga mswaki.