Msitu wa Wake Wenza

Hapo zamani, na msifikirie ile zamani ya sungura kusema, nasema zamani hii ya juzijuzi watu wakiwa na redio, palikuwa na nchi yenye hifadhi saba. Zote saba zilikuwa za nyika: tembo, twiga na vumbi. Wakubwa wakasema wanataka hifadhi ya nane. Wakaunda kamati, wakaipa masharti matatu. Eneo liwe la aina ambayo zile saba hazina. Liwe na kitu kisichopatikana pengine popote. Na liwe kubwa la kutosha, na wenye ardhi waridhie.

Kamati ikazunguka. Ikaenda mlima huu, ikakuta mahindi. Ikaenda mlima ule, ikakuta matanuri ya mkaa. Ikaenda wa tatu, ikakuta visiki. Mwisho ikafika Kwemlanga, na hapo ikasimama mdomo wazi, maana kilima kizima kilikuwa msitu, miti minene ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizunguki.

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Ndimbo, akauliza, "Msitu huu nani kautunza?"

"Mimi," akasema Bi Mwajabu.

"Mimi," akasema Hidaya, mwenzake hajafunga hata mdomo.

Hawa walikuwa wajane wa mtu mmoja, Mzee Shekibula. Mwajabu ndiye mke mkubwa, Hidaya ndiye mdogo. Mzee alifariki bila kugawa kilima, akazikwa humo humo msituni, katikati ya nyumba zao mbili. Watoto walihamia mjini, wamechoka na makelele. Na Mwajabu, tangu siku ile mumewe anaoa mara ya pili, hakujua tena raha. Kwake mzee alikuwa akitabasamu. Kwa Hidaya alikuwa akicheka, tena kwa sauti, ukuta mzima unasikia. Mwenye kicheko alizikwa, lakini kicheko kilimkaa Mwajabu rohoni, kikimla taratibu.

Basi Hidaya akishika shoka, Mwajabu anatoka mbio: "Acha! Huo mti wa mume wangu!"

Mwajabu akishika panga, Hidaya anatoka mbio: "Acha! Kwani mimi nilikuwa nani wake, shangazi?"

Mwaka wa kwanza, hivyo. Mwaka wa kumi, hivyo. Mwaka wa ishirini, hivyo hivyo. Kuni walikwenda kuokota kijiji cha pili, wanawake wenye kilima kizima cha miti! Majirani waliwacheka mpaka wakachoka. Lakini wakati majirani wanacheka, vilima vyao vilikuwa vinakwisha.

Bwana Ndimbo akaandika: sharti la kwanza, limetimia. Akauliza, "Na kitu kisichopatikana pengine, kipo?"

Mwajabu akababaika. Miaka yote ishirini aliutazama msitu, lakini alichokuwa akitafuta humo ni Hidaya tu.

"Njooni," akasema Hidaya. Akawapeleka nyuma ya jiko lake, akawaonyesha ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya ubuyu, anayeshuka kwenye shina kinyumenyume. Mtaalamu wa ndege wa kamati akapekua kitabu chake mara moja, mara mbili, mara tatu. Hakumwona. Akaketi chini akafuta macho.

"Mama, umemjuaje huyu?"

"Nilikaa hapa nikimvizia Bi Mkubwa asikate mti. Ukikaa kitako miaka ishirini, utaona mengi."

Roho ikamuuma Mwajabu kama amemeza pilipili nzima. Hata ndege! Hata ndege naye alikuwa amekwenda kwa yule.

Likabaki sharti la tatu. Kilima peke yake kilikuwa kidogo. Kati yake na msitu wa serikali ulioko bondeni palikuwa na shamba la migomba la jirani yao Kupaza, na bila shamba hilo hakuna hifadhi. Kupaza alikuwa ameona gari la kamati limeegeshwa kwa wajane siku tatu, wakati yeye hakuna hata aliyemsalimu. Siku ya nne akaja mwenyewe.

"Shamba chukueni. Lakini jina langu liandikwe juu ya majina ya hawa shemeji zangu. Miaka arobaini watu wanaelekezana 'kwa Shekibula, kwa Shekibula.' Mimi nilikuwa kivuli?"

Masharti yakatimia. Ndipo Bwana Ndimbo akafungua faili, akasema, "Sheria inaruhusu nyumba moja tu ibaki ndani, ya mlinzi. Huyo ndiye atakayetunza na kaburi. Wengine watahamia ng'ambo ya mto. Nani abaki?"

Mwajabu akasema, "Nibaki mimi. Shoka lilipoinuliwa mara ya kwanza, nani alilizuia? Bila mimi mngekuta mkaa."

Hidaya akasema, "Nibaki mimi. Na panga lako nani alilizuia? Na bila ndege wangu, mngeandika nini?"

Kupaza akasema, "Nibaki mimi. Ninyi mlikaa tu mkichungana. Mimi nimetoa migomba yenye mikungu."

"Wajane hamwezi kukaa nyumba moja?" akauliza Bwana Ndimbo.

"Hapana!" wakajibu kwa pamoja, na hiyo ndiyo mara ya pekee waliyowahi kukubaliana.

"Basi msipopatana mpaka saa kumi, nyumba ya mlinzi naifuta. Mtatoka wote." Kisha akamgeukia Mwajabu. "Mama, niambie kweli. Tukikuacha peke yako, utaulinda?"

Mwajabu akafungua mdomo aseme ndiyo, neno likagoma. Hidaya akishaondoka, angemchunga nani? Asubuhi angetoka uani kutazama nini? Akaona aibu. Halafu akamwona Hidaya, akilini mwake, akifagia kaburi peke yake, akikumbuka kicheko kile ambacho yeye hakuwahi kupewa. Aibu ikamtoka yote.

"Tutoke wote," akasema. "Heri wote."

Hidaya akaangua kilio. Kupaza akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Bwana Ndimbo akatazama saa yake. Ilikuwa saa kumi kasorobo.

Sasa niambieni, nyie mnaojua kuamua mambo ya wenzenu. Mmoja aliulinda msitu kwa wivu, mwingine akaufahamu kwa wivu, wa tatu akautolea shamba kwa wivu, na hakuna aliyeupenda. Kalamu ingekuwa mkononi mwenu, na robo saa ndiyo hiyo, je, nani alistahili kubaki na Shekibula?