Sakitu ya Shamba la Chini

Wahenga walituusia tusiache mibacha yetu kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, pembe zimefumuka, lakini ni wako na ndio unaoulalia. Msala wa mpita njia una nakshi za kupendeza, ila mwenyewe akiondoka huondoka nao. Kotoha aliijua maana ya maneno haya akiwa na miaka kumi na minane, na aliijua kwa machozi.

Kotoha Iwakiri aliishi na bibi yake, Fusae, kwenye vilima vya chai ambako ukungu huchelewa kuamka kuliko watu. Juu ya mashamba yao zilisimama feni kwenye nguzo ndefu. Alfajiri za Aprili, feni zilizunguka polepole kufukuza sakitu, ile baridi nyeupe inayounguza machipukizi. Kwa miaka mitatu Kotoha alipita chini ya feni hizo na kipimajoto, akiandika katika daftari lenye madoa ya chai. Siku nyingine hakujua kama ameamka au bado anaota.

Shule yake ilikuwa na nafasi moja tu ya kumpendekeza mwanafunzi katika chuo kikuu cha kilimo, na nafasi hiyo alipewa yeye. Angezungumza dakika kumi mbele ya maprofesa watatu kuhusu uchunguzi wake wa sakitu, kisha aulizwe maswali. Mwalimu Urabe, aliyewafundisha kuzungumza kisomi, hakuwa na mengi.

"Sema ulichokiona, umekijuaje, na nini hujui. Basi."

"Niseme sijui, Mwalimu? Mbele ya maprofesa?"

"Kwani wao wanajua kila kitu?"

Kotoha aliinamisha kichwa kwa adabu, wala hakuafiki hata chembe. Kwao, kujitangazia ujinga mbele ya wakubwa ni aibu. Tena shuleni kulikuwa na desturi: aliyefaulu huwaachia wadogo zake hotuba yake, nao huikariri neno kwa neno. Satsuki, aliyefaulu mwaka uliotangulia, alimletea yake ndani ya bahasha safi.

"We badilisha mifano tu, mdogo wangu," alisema. "Mimi nilitiririka, wakabaki kutikisa vichwa kukubali."

Hotuba ilikuwa tamu kweli. "Tafiti nyingi zadhihirisha kuwa mustakabali wa dunia umo katika uwiano wa binadamu na maumbile." Daftari la Kotoha lilisema, "Aprili tisa, shamba la chini, nyuzi sifuri, Bibi amekohoa." Aliona haya, akalifungia kabatini. Kila jioni alijitumbukiza katika maji ya moto bafuni, akakariri huku mvuke umemzunguka. Hata usingizini alizisikia feni zikizunguka na kusema, tafiti nyingi, tafiti nyingi.

"We mtoto," Bibi Fusae aliita kutoka jikoni, "hizo tafiti nyingi hata sufuria zangu zimeshazishika. Mbona sisikii chai humo?"

"Bibi, haya ni mambo ya chuo kikuu."

"Haya bwana. Mie na chai yangu tunyamaze."

Novemba ikafika. Kotoha alisimama mbele ya maprofesa, akatiririka bila kujikwaa. Chai na sakitu zilipata sentensi moja. Alipomaliza, profesa mmoja, mama mwenye mvi, akamwuliza, "Umesema tafiti nyingi. Zipi hizo?"

Kotoha akainama. "Samahani."

"Taja moja tu."

"Samahani sana."

Hotuba ya Satsuki haikuwa na ukurasa wa swali hilo. Kichwani mwa Kotoha kulikuwa na ukungu mtupu.

"Basi tuliache. Wewe mwenyewe, shambani, umeona nini?"

Kotoha alilikumbuka daftari lake la kabatini. Kisha maneno yakaja yenyewe, madogo, ya nyumbani.

"Shamba la chini huungua hata feni zikizunguka. Bibi husema baridi hutiririka kama maji. Nimepima miaka mitatu. Kando ya ukuta wa mawe baridi huzidi kwa nyuzi mbili. Pale ukuta ulipobomoka, chai haiungui. Nadhani ukuta huizuia baridi, nayo hupenya nje kwenye tundu hilo, lakini… sijui. Sijapima upande wa pili."

Profesa aliweka kalamu chini, akasogea mbele. "Na upande wa pili kuna…"

Kengele ikalia. Muda ulikuwa umekwisha.

"Binti," alisema taratibu, "hayo ndiyo tuliyoyangoja dakika kumi zote."

Orodha ya waliofaulu ilipotoka, namba ya Kotoha haikuwamo. Angesubiri mwaka mzima kujaribu tena, safari hii bila nafasi ya shule. Alilia kwenye aproni ya bibi yake mpaka ikalowa. Bibi Fusae alimmiminia chai.

Aprili ikarudi. Wenzake walikwishakwenda vyuoni, na bahasha ya Satsuki alikwishairudisha kwa mwenyewe. Alfajiri moja alichuchumaa upande wa pili wa ukuta, daftari gotini, feni zikinong'ona ndani ya ukungu.

"Umepata nini huko?" Bibi aliita.

"Sakitu, Bibi! Imelala huku nje, mbele ya tundu. Kwa nini haiendi mbali zaidi, sijui."

"Nisomee basi. Tangu mwanzo."

Kotoha akamsomea yote, hata kile kikohozi, mpaka jua likatoka na feni zikasimama. Hakujikwaa popote, kwa kuwa hakuna neno alilohitaji kulikariri. Usiache mbachao kwa msala upitao.