Vigelegele Sita

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mmeitikia kama watu waliolala na njaa? Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Zamani, zamani ambayo hata babu yangu aliisimuliwa tu, palikuwa na kijiji chenye wazee wengi na kazi chache. Katika kijiji hicho aliishi mama mmoja kijana, jina lake Kabula. Tumbo la Kabula likakua, likakua, likakua, hadi akawa haoni vidole vya miguu yake. Mkunga akaweka kiganja juu ya tumbo, akasema humo wamo wawili.

Mkunga huyo ndiye Bibi Nyanzala. Alikuwa na meno manne na maneno manne, na yote manane yalikuwa yanauma.

Sasa sikilizeni desturi ya hapo. Mapacha, atakayetangulia ni Kulwa, atakayefuata ni Doto, wawe wa kike, wawe wa kiume. Jina la ubatizo hutajwa na wanaume, mlangoni, siku ya tatu. Likishatajwa, mbuzi anachinjwa na mzazi anakunywa supu. Kabla ya hapo mzazi hatoki, hasemi na wanaume, wala hali kitu ila uji mwembamba wa mtama. Uji wenyewe ukiutazama unakuona. Na desturi ya mwisho, msiisahau: akizaliwa wa kiume, mkunga hupiga vigelegele vitano. Akizaliwa wa kike, vitatu.

Basi siku ikafika. Ndani Kabula anahangaika. Nje wazee wamekaa, wanabishana. Wanabishana nini? Majina. Kwamba mapacha waitwe Petro na Paulo, hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ni nani awe Kulwa, kwa maana Kulwa ndiye mkubwa, na mkubwa lazima apewe jina la mkubwa. Mzee Lugembe, baba mkwe wa Kabula, alisema mkubwa ni Petro. Katekista Malimi, kaka yake Kabula, alisema mkubwa ni Paulo.

Ndani kukasikika: Lililili! Lililili! Lililili! Kimya kidogo. Kisha: Lililili! Lililili! Lililili!

Mimi sisemi kitu. Hesabuni wenyewe. Wazee hawakuhesabu, maana katekista alikuwa ndio kwanza anafika kwenye safari ya pili ya Paulo.

Bibi Nyanzala akatoka, anafuta mikono. Akaanza, "Watoto hawa, wanangu..." Malimi akainua kiganja, akamkumbusha kwa upole kwamba Paulo hakupenda wanawake waseme mkutanoni. Mzee Lugembe akaitikia kwa kichwa. Ndilo jambo pekee walilokubaliana kwa siku saba. Bibi akawatazama mmoja mmoja, akarudi ndani, akafunga mlango na mdomo.

Siku ya tatu ikafika, jina hakuna. Mbuzi mee, watoto ngaa, wazee wakaendelea.

Mzee Lugembe alisema Petro aliitwa mwanzo, na alitembea juu ya maji. Malimi akasema alizama. Lugembe akajibu kwamba alizama baada ya kutembea, na kwamba yeye katekista hata dimbwi la mbele ya kanisa hulizunguka. Malimi akataja jogoo. Lugembe akataja makoti: Stefano anapigwa mawe, na Paulo wako kasimama pembeni analinda nguo za wapigaji. Malimi akasema Paulo aliandika barua nchi nzima. Lugembe akasema atakosaje kuandika, hakuoa. Petro alikuwa na mama mkwe nyumbani, angeandika saa ngapi?

Siku ya nne. Mbuzi mee, watoto ngaa, wazee wakaendelea.

Malimi alisimulia jinsi Paulo alivyohubiri mpaka kijana mmoja akasinzia dirishani, akaanguka toka ghorofa ya tatu. Aliisimulia kwa fahari. Watu wakatazamana. Mahubiri ya Malimi mwenyewe yalikuwa hayana tofauti na hayo, ila kijiji hakikuwa na ghorofa, na ndiyo sababu walikuwa bado hai.

Siku ya tano walikumbuka kwamba wakubwa hao wawili waliwahi kugombana kwa ajili ya meza, nani ale na nani. Papo hapo upande wa Petro ukahamisha chungu chake cha ugali, ukasema hauli tena na upande wa Paulo. Ngasa, baba wa watoto, akawa anakula pande zote mbili, na kila upande ukimsifu kwa msimamo wake. Huyo ndiye mume aliyepewa Kabula. Tumsamehe, tuendelee.

Mbuzi alikuwa analishwa na pande zote mbili, kila upande ukijiona mwenye sherehe. Mbuzi akanenepa. Kabula akakonda. Akanywa uji asubuhi, akanywa uji jioni, akanyonyesha wawili. Siku ya sita ziwa moja likakauka. Siku ya saba Doto alivuta, akavuta, akaachia, na hakulia tena kwa nguvu. Alitoa sauti ndogo tu, na Kabula alipoisikia moyo wake ukaingia baridi. Angelia yeye, lakini hata machozi yanataka chakula.

"Bibi," akasema, "nenda ukawaambie. Mwanangu ananifia mkononi."

"Kusema nimekatazwa, mjukuu wangu," akajibu Bibi Nyanzala. "Kuonyesha sikukatazwa."

Akawafunga watoto kwenye kanga moja, akatoka. Bibi akamnyooshea Mzee Lugembe kanga, bila neno. Lugembe akachungulia, akatabasamu, akagusa paji la uso la Kulwa. "Tazameni paji hili lilivyo gumu. Huu ni mwamba. Huyu ni Petro." Malimi akasogea haraka, akagusa kichwa hicho hicho. Akasema upara huo ni wa msomi, na Paulo mwenyewe huyo.

Bibi akaketi chini. Akafungua kanga. Yote.

Hata mbuzi alinyamaza, halafu akakumbuka: mee.

Walikuwa wasichana. Kulwa msichana. Doto msichana.

Malimi ndiye aliyepata sauti kwanza. "Bibi, mbona hukutuambia?"

"Nilipiga vigelegele sita."

"Tulisikia vitano," akasema Mzee Lugembe polepole, "na kimoja tukadhani ni cha furaha."

"Siku saba mnawapima wale wawili," akasema Bibi, "nani alizama, nani alianguka. Siku Petro alipotoka gerezani akagonga mlango, nani aliijua sauti yake? Binti mmoja, Roda. Alipowaambia waliokuwa wakisali ndani, wakasema ana wazimu. Na Paulo alipofika Filipi hana pa kulala, nani alimfungulia nyumba? Lidia, mwuza nguo za zambarau. Mmewasoma hao wanaume mpaka kurasa zimelegea, na kila mkifika mlangoni mnamruka aliyeufungua."

Katekista alikuwa anaijua mistari yote miwili, na ndiyo iliyomchoma.

Ndipo sauti ikatoka ndani. Sauti nyembamba, imekonda kama mwenyewe. Hapo kijijini mzazi alikuwa hajawahi kutaja jina la mtoto, wala kusema na wanaume kabla halijatajwa. "Kulwa ni Roda," ikasema. "Doto ni Lidia. Majina yameshatajwa mlangoni. Mbuzi."

Mzee Lugembe akajikuna ndevu. Malimi akakohoa. Akauliza kwa unyenyekevu mkubwa, kama swali tu la kujifunza, kati ya Roda na Lidia mkubwa alikuwa nani.

Bibi Nyanzala hakungoja jibu. Alikuwa ameshamkabidhi Ngasa kisu na kumwonyesha mbuzi kwa kidevu. Mee ikasikika mara moja, kisha basi. Jioni hiyo Kabula alikunywa supu bakuli la kwanza, la pili, la tatu, na alfajiri Doto alilia kwa nguvu mpaka katekista akaruka kitandani. Ngaa! Ndiyo mahubiri mafupi kuliko yote kijijini hapo.

Tangu hapo mtoto akizaliwa kwao, wanaume wote hunyamaza, wanatoa mikono, wanahesabu kwa vidole. Bibi Nyanzala alishakufa, lakini wanahesabu.

Nanyi mkitaka kubishana nani mkubwa mbinguni, bishaneni. Ila kwanza mwulizeni aliyeko ndani kama amekula. Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya chungu cha supu; atakayeulamba mwiko aitikie.